Makumbi Yaliyofukuliwa Kabla ya Wakati

Wanawake wenzake walimwita Mama Itakuwaje, naye aliitika bila kununa, maana jina lilimstahili. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, yeye huuliza, "Sasa itakuwaje?" Mvua ikikatika, swali ni lile lile. Hata siku alipojifungua kitinda mimba wake, mkunga akamwinulia msichana mzima anayelia kwa nguvu za kuamsha mtaa, neno la kwanza lililomtoka mama lilikuwa hilo hilo. Mkunga alicheka mpaka akatafuta kigoda. Tangu hapo jina likaganda.

Wasiomjua walidhani ni mtu wa kulalamika. Sivyo. Alikuwa na shukrani nyingi, ila alishukuru kwa sauti ya chini na upesi upesi, kama mtu aliyepewa kitu kizuri mbele za watu akakificha kabla hakijaonwa. Alishukuru paa lisipovuja. Alishukuru kila mara mumewe, ambaye alikuwa mkwezi wa minazi, alipotua chini na viungo vyake vyote. Na alishukuru kwa makumbi, yale maganda ya nazi yenye nyuzi, ambayo mumewe aliyarundika uani na yeye akayageuza kuwa kamba.

Kazi ya kamba ndiyo iliyoshikilia maisha ya upande ule wa pwani. Nazi zenyewe zilikwenda mjini na lori; makumbi yalibaki. Wanawake waliyafukia kwenye matope ya ufukoni, mahali bahari inapopanda na kushuka, wakayakandamiza kwa mawe, wakayaacha karibu nusu mwaka yaoze. Yakishaiva huwa meusi, laini, na yenye harufu ya kumfanya abiria wa lori akumbuke kwamba safari yake ilikuwa ya kesho. Hapo hupondwa kwa rungu juu ya gogo, nyuzi zikaoshwa, zikaanikwa, zikasokotwa. Lori lile lile lilikuja kuchukua kamba za kuezekea, za kufungia mifugo na za kuwambia vitanda. Mwenye shimo la makumbi alikuwa kama mwenye akiba benki, isipokuwa benki yenyewe hufunikwa na maji mara mbili kwa siku.

Wenye kuijua kazi hiyo walizidi kupungua. Vijana waliondoka mmoja mmoja, kisha wakaanza kuondoka na wake zao. Nyumba moja ilitiwa kufuli, ikafuata ya jirani, mpaka mtu akitaka kuazima shoka ikambidi apite milango kadhaa iliyofungwa kabla hajapata wa kumjibu hodi. "Wamehamia kwenye simu," mkwezi alikuwa akisema, kwa kuwa siku hizi walisikika huko tu. Watoto wawili wakubwa wa Mama Itakuwaje walikuwa huko huko kwenye simu, mmoja dereva, mwingine anashona nguo kiwandani, na wote wawili walimkumbuka, jambo ambalo alilishukuru kuliko vyote. Aliyebaki nyumbani ni yule kitinda mimba, msichana wa maneno mengi na ndala zisizodumu, ambaye mwaka uliofuata angeingia darasa la tano.

Ni kwa ajili yake mkutano wa wazazi ulimnyima mama raha.

Mwalimu mkuu aliwaita darasani, akawakalisha kwenye madawati ya watoto, magoti yao yakipigana na mbao. Alikuwa mtu mpole, na siku hiyo alizungumza akiitazama chaki mkononi mwake.

"Wazazi wangu, sitawaficha. Watoto wa madarasa ya juu hawatoshi. Mwaka mpya wa masomo ukifunguliwa, afisa elimu anakuja kuangalia mwenyewe. Akikuta madawati haya matupu, darasa la tano mpaka la saba yanahamia shule ya ng'ambo."

"Ng'ambo ipi?" aliuliza Mama Itakuwaje, ingawa alijua.

"Ng'ambo ya mkono wa bahari, mama. Kuna mashua ya kuwavusha asubuhi na kuwarudisha jioni."

"Mwalimu, umeshamuua wifi yangu!" alidakia dada wa mkwezi, mwanamke mwenye mdomo uliotangulia miguu. "Huyu amezaliwa ufukoni, lakini hata maji ya beseni yakitikisika anashika ukuta."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Mashua ile aliiona kila alipokwenda ufukoni. Ndani yake kulikuwa na kopo la kuchotea maji, halikutolewa hata siku moja, na mtu habebi kopo bila sababu. Usiku na mchana akawa anahesabu watoto wa kijiji kichwani mwake, na kila alivyohesabu, walipungua.

Haukupita muda mrefu lori la nazi likateremsha familia. Baba alikuwa fundi baiskeli kutoka bara. Alikuwa amesikia kwamba kule pwani baiskeli zipo tele na fundi hakuna. Aliyemwambia alisema kweli, ila hakumalizia kwamba nyingi zimening'inia kwenye kuta za nyumba zenye kufuli. Mkewe alishuka na godoro, sufuria, na watoto wanne. Mama Itakuwaje, aliyekuwa amesimama pale kupakia kamba zake, aliwatazama watoto kwa vimo kabla hajamsalimia mama yao. Watatu kati yao walikuwa wa kukaa madarasa ya juu. Akashukuru papo hapo, chini chini. Kisha akaenda nyumbani, akapika sufuria kubwa ya uji, akawapelekea.

Mgeni huyo alipewa jina la Mama Wanne. Alikuwa mcheshi, asiyeogopa kazi, na aliposikia habari za makumbi alitaka kujifunza. Wifi mtu akajitolea kumfundisha. Kasoro ya wifi ni kwamba alifundisha kwa mdomo, tena huku akitembea. Walifukia siku za maji mafu, zile siku ambazo bahari haipandi sana wala haishuki sana. Walipomaliza kupanga mawe, wifi akasema, "Pajue mahali pako," akaondoka kwenda kuchokoza watu wengine. Alidhani mgeni atachomeka kijiti chenye kitambaa kama wenzake wote. Mama Wanne alihesabu hatua kutoka ukingo wa maji mpaka shimoni, akaziweka kichwani. Kwao, mtu akipima kutoka mtoni mpaka shambani, kipimo hicho hakibadiliki maisha yake yote.

Mwingine ambaye hakuwa na kijiti ni Mama Itakuwaje mwenyewe. Shimo lake lilikuwa chini kabisa, peke yake, mahali ambapo maji huondoka siku za bamvua tu, bahari inaposhuka kupita kawaida. Aliogopa wezi.

"Nani aibe kitu kinachonuka namna hiyo?" mumewe alimwuliza. "Akiiba tutamfuata kwa pua."

"Siku hizi watu hawaaminiki."

"Watu gani, mke wangu? Tumebaki wangapi?"

Lakini yeye hakuweka alama. Alilijua shimo lake kwa kulinganisha paa la shule na tangi la maji. Humo alikuwa amefukia mzigo mkubwa kuliko yote ya mwaka ule, miezi michache tu baada ya Mama Wanne kufukia wake, na nyumba yake ingeishi kwa mzigo huo akijaliwa. Kila bamvua alikwenda kulitazama, kama mtu anayemchungulia mtoto aliyelala.

Bamvua iliyotangulia kufunguliwa kwa shule, alikwenda kama kawaida. Mawe yalikuwa yametupwa huku na huku. Shimo lilikuwa wazi, lina maji ndani, na kaa mmoja mdogo anajipitia humo kama mwenye nyumba.

Hakupiga kelele, maana hofu yake yote ya miaka mingi ilikuwa imemwandaa kwa siku kama hiyo. Alitazama chini. Vipande vya makumbi vilikuwa vimedondoka njiani, kimoja hapa, kingine pale. Havikuelekea kwa wasokotaji wengine. Vilipanda njia ya kijijini, vikakata kona dukani, vikaingia moja kwa moja uani kwa fundi baiskeli.

Njiani alijipangia maneno. Yalikuwa maneno mazuri, makali, aliyokuwa hajawahi kumwambia mtu.

"Hodi!"

"Karibu, dada," Mama Wanne alijibu bila kuinuka. "Samahani sikupi mkono, umechubuka."

Alikuwa amekaa mbele ya gogo, viganja vimefungwa matambara, anaponda kumbi lisilotaka kupondeka. Rundo lililokuwa pembeni yake lilikuwa na rangi ya chai, si nyeusi. Nyuma yake godoro lilikuwa limekunjwa na kufungwa. Fundi alikuwa anatia minyororo na spoki ndani ya gunia, kimya, kama mtu anayefungasha vitu vya marehemu.

"Mnasafiri?" aliuliza Mama Itakuwaje, na yale maneno makali yakamkwama.

"Lori likija tunarudi kwa kaka yake," alisema Mama Wanne. "Dada, nimejaribu. Baiskeli hazitulishi, nikasema kamba zitatulisha. Lakini kazi yenu hii ina siri yake. Tangu jana naponda. Rungu limepasuka, makumbi hayajapasuka. Wifi yako aliniambia yatatoka laini kama nywele za mtoto. Mtoto gani ana nywele hizi?"

"Mimi nimemwambia tujaribu nyundo ya kunyooshea rimu," alisema fundi. "Shemeji, nyundo imeruka ikataka kunitoa meno."

Mama Itakuwaje aliokota kumbi moja, akaliminya. Lilikuwa lake. Lilikuwa bichi, na kwa kuanikwa juani lilikuwa limeanza kukakamaa.

"Umeyatoa wapi haya?"

"Shimoni kwangu. Jana maji yalipokauka kabisa. Nilihesabu hatua zangu kutoka majini, nilipofika nikakuta mawe yangu hapo hapo. Nilifurahi mno, dada! Nikasema, leo na mimi nimekuwa mtu wa pwani."

"Kutoka majini?"

"Ehe. Kwani nyinyi mnahesabu kutoka wapi?"

Hapo alielewa yote. Alimtazama yule mwanamke na viganja vyake, akalitazama lile godoro. Ndani, watoto walisikika wanagombania nani atakaa dirishani kwenye lori, na lori lenyewe halina dirisha. Akisema, "Haya ni yangu," mwanamke huyu atapanda lori kwa aibu. Akinyamaza, atapanda kwa kukata tamaa. Njia zote mbili ziliishia kwenye ile mashua yenye kopo. Basi akatafuta pa kuanzia, akaanza na lililokuwa zuri.

"Mdogo wangu, weka rungu chini. Makumbi yako hujayafukua. Bado yako ardhini."

"Na haya?"

"Inuka kwanza. Maji yanarudi."

Walishuka ufukoni karibu wanakimbia, na njiani akamweleza. Siku ile ya kufukia, bahari ilikuwa imeshuka kidogo tu. Jana ilikuwa imekwenda mbali, mpaka kule. Hatua zake zilikuwa sahihi kabisa, ila mahali pa kuanzia palikuwa pameondoka.

"Bahari imehama?" aliuliza Mama Wanne, akisimama kwa mshangao.

"Inahama kila siku. Hapa kwetu kila kitu kinahama, mwenzangu. Afadhali hiyo hurudi."

Wifi mtu alikuwa ufukoni anaosha nyuzi zake. Alipoulizwa walifukia wapi, alionyesha sehemu tatu tofauti kwa kidole kimoja, kisha akashika fimbo, wote watatu wakaanza kuchoma matope juu zaidi, karibu na ukingo wa nyasi. Maji yalikuwa yanapanda taratibu nyuma yao. Hatimaye fimbo ikagonga jiwe, ikagonga jingine. Wakachimba kwa mikono.

Harufu ilitangulia kutoka. Kisha yakatoka makumbi yenyewe, meusi, mazito, yanateleza. Mama Wanne alivuta moja kwa vidole viwili tu, likafunguka lote, nyuzi ndefu zikamwagika juu ya kiganja chake kilichofungwa matambara.

"Kumbe ni kweli," alisema. "Nywele za mtoto."

"Mimi siku zote nasema kweli, ndiyo kasoro yangu," alijibu wifi. Halafu akakunja uso. "Lakini hayo uliyofukua jana ulifukua wapi?"

"Kule chini."

"Kule? Kule hafukii mtu mwenye akili zake isipokuwa..." Wifi akamgeukia Mama Itakuwaje, na mdomo ule ambao haukuwahi kukosa neno ukafungika.

"Ni yangu," alisema Mama Itakuwaje.

Mama Wanne aliketi pale pale kwenye matope. "Nimekuibia."

"Hukuniibia. Kila mtu hapa ana kijiti, mimi sina. Nimewaficha shimo wezi ambao hata hawapo, nikakuficha na wewe."

"Chukua haya, dada. Yachukue yote. Sisi tunaondoka, utuwie radhi tu."

"Nikiyachukua mtaondoka. Mimi sitaki makumbi yako. Nataka watoto wako!"

"Wifi!" alifoka yule mwingine. "Sema vizuri, mtu atakimbia!"

Kwanza Mama Wanne alimtazama kwa hofu ya kweli, kisha kicheko kikamponyoka, na Mama Itakuwaje naye, aliyekuwa amekaribia kulia, akajikuta anacheka huku anafuta pua kwa mkono wenye tope. Ndipo akamwambia habari za afisa, za madawati, na za mashua. Alisema bila kupamba. Wale watatu wakikaa, shule itakaa. Wakiondoka, mwanawe atavuka maji kila siku, na yeye atakuwa anakufa kila asubuhi na kufufuka kila jioni.

"Kumbe ndiyo maana ya ule uji?" aliuliza Mama Wanne.

"Uji niliuleta kwa moyo. Ila sitakudanganya, watoto niliwaona kabla sijakuona wewe."

"Hapo hujakosea. Mimi mwenyewe nawaona wao kwanza."

Maji yalikuwa yamefika kwenye visigino. Wifi, ambaye hakupenda kuona watu wanaangaliana bila kufanya kazi, alisema kwamba makumbi mabichi ambayo hayajapigwa rungu yanaweza kurudishwa shimoni leo hii, kabla hayajakauka moyo. Yataiva, kwa kuchelewa. Yaliyopondwa ndiyo basi, yawe kuni. "Lakini si kule kwako kwa majini. Yaje hapa juu na watu wengine. Na kijiti!"

Ilikuwa kazi ya kugombana na bahari. Fundi baiskeli aliitwa, akaja anasukuma baiskeli iliyofungwa matenga mawili, akaenda na kurudi, akaenda na kurudi, shati limemganda mgongoni. Watoto wake walibeba kwa vikapu, na yule kitinda mimba mwenye maneno mengi akawafundisha njia ya mkato, akipoteza ndala moja. Mkwezi alishuka mnazini, akauliza kuna nini, akajibiwa na watu wanne kwa pamoja, akachukua jembe bila kuelewa. Jiwe la mwisho liliwekwa maji yakiwa magotini, na Mama Itakuwaje alikuwa ndani ya maji hayo, hajashika ukuta wowote.

Zaidi ya nusu ya mzigo wake ilikuwa imeokoka. Makumbi meusi ya Mama Wanne yalipandishwa uani kwa mkwezi, wakapatana kuyaponda pamoja na kugawana kamba, kisha shimo la pili likiiva wafanye vivyo hivyo. Hawakuandikishana. Fundi alichomeka rimu kuukuu ya baiskeli juu ya shimo jipya, ikasimama pale inang'aa, hata kipofu angeiona.

"Sasa, baba watoto," Mama Wanne alimwambia mumewe, "lori je?"

Fundi alijinusa kwapa, akajinusa mikono, akafikiri kwa makini.

"Nani atatupakia na harufu hii?" alisema. "Nenda kafungue godoro."

Shule ilifunguliwa wiki iliyofuata. Asubuhi hiyo Mama Itakuwaje alimchana binti yake nywele mara mbili, akamfuata kwa macho mpaka alipopotea kwenye kona ya duka. Pikipiki ya afisa elimu ilipita baadaye ikitimua vumbi. Wanawake wawili walikuwa uani kwa mkwezi, kila mmoja na gogo lake. Walikuwa wanaponda, lakini rungu la Mama Itakuwaje lilikuwa likisimama hewani kila sauti iliposikika upande wa shule.

"Dada, ponda," alisema Mama Wanne. "Ukisikiliza hivyo utamsikia mpaka akipiga chafya."

Alijaribu. Aliwaza afisa akipita kati ya madawati. Aliwaza akiwauliza watoto wa fundi wanaishi wapi, na mkubwa wao, ambaye ana haya, akishindwa kujibu. Hakumwambia mwenzake. Nyuzi zilizidi kurundikana miguuni pao, ndefu na safi, na alipoziona akakumbuka kwamba kwa hizo tu alikuwa na deni la shukrani la siku nzima.

Mchana pikipiki ilisikika inarudi. Haikusimama. Kisha ikasikika miguu, mingi, inakuja mbio, na watoto wakatokeza kwenye njia, wa fundi na wa mkwezi, mashati nje, wanasukumana mlangoni nani aingie kwanza.

"Mama!" alisema kitinda mimba, anahema. "Tunabaki! Afisa kasema tano, sita na saba zinabaki hapa hapa. Mwaka huu. Mwaka kesho atakuja tena kutuangalia. Mwalimu mkuu kajifuta macho kwa kifutio cha ubao, uso wote chaki! Kuna chakula?"

Mama Wanne aliachia rungu, akampigia mwenzake kofi la begani lililoacha alama ya tope. Mama Itakuwaje aliinuka, akanawa mikono mara kadhaa ingawa harufu ile haitoki kwa maji, akaingia jikoni na kufunua sufuria. Alipakua sahani moja, akapakua nyingine, mpaka zikatimia tano, akaziweka chini kivulini.

Watoto walikula haraka, midomo imejaa, wanasimuliana habari ambazo wote walikuwa wameziona. Kisha wakanywa maji, wakafuta mikono kwenye nguo zilizofuliwa jana, wakarudi shuleni wakitembea kwa miguu yao, kwenye nchi kavu.